Aliyejenga Ukumbi Ndani ya Chumba cha Mita Nne

Tarehe 30 Juni fundi wetu wa kuchanganya sauti atakabidhi funguo za Studio ya Pili, akiwa ametimiza miaka thelathini na minne kazini. Vijana mnamwita Shangazi. Sisi wa zamani tulimwita Bi Ngazi.

Mwezi wake wa kwanza alikuwa akisimama kwenye ngazi za jengo letu na kupiga makofi, moja moja, kichwa kikiwa kimeinama. Mfagiaji akamuuliza, "Dada, unamfukuza nani?" Akajibu, "Simfukuzi mtu, kaka. Nasikiliza ukuta unachelewa kiasi gani kunijibu." Wiki hiyohiyo aliweka spika chini ya ngazi na maikrofoni mbili juu, kushoto na kulia, akazirusha humo sauti za waimbaji na kuzirekodi upya. Chumba chetu cha mita nne, chenye mazulia hadi ukutani, kikaanza kutoa nyimbo kama zilizoimbwa ukumbini.

Alikuwa bahili wa mwangwi. Mwimbaji mkuu alimweka katikati, karibu na msikilizaji, mwangwi ukifuata nyuma kidogo ili usimeze maneno. Waitikiaji aliwatandaza pembeni, akawapa mwangwi mrefu. Ngoma na besi aliziacha kavu, bila mwangwi. Kisha alibeba kanda hadi jikoni kwa mpishi wa kantini, akaisikiliza kwenye redio ya spika moja, maana wasikilizaji wetu wengi hawakuwa na mbili. Mpishi asiposikia maneno, kazi ilianza upya.

Katika faili lake kulikuwa na barua ya onyo ya mwaka wake wa sita, iliyosema aliharibu rekodi ya kwaya ikarushwa hewani bila kwaya. Niliiandika mimi, mkuu wake wa studio, na nikaibandika ubaoni. Kosa lilikuwa langu. Siku ile alikuwa amempeleka mama yake hospitali, nami nikaifungua kazi yake nikitaka iwe pana zaidi. Nilichukua waitikiaji wa kushoto pamoja na mwangwi wao, nikawaweka na kulia mahali pa wale waliokuwapo, lakini wimbi la sauti likiwa limegeuzwa juu chini. Kwenye hedifoni nilisikia uwanja mzima. Jikoni sikwenda. Kwenye redio za spika moja pande zile mbili zilikutana zikafutana, mwimbaji mkuu akabaki anaita na hakuna wa kumwitikia.

Meneja alipotaka jina, nilimtaja yeye. Alikuja ofisini kwangu akasema, "Bosi, huo si mkono wangu, na wewe unajua." Nikamwambia arudi kazini. Akarudi. Kwa barua ile alinyimwa ukuu wa studio mara mbili, na bado akafundisha mafundi tisa, kila mmoja akianzia kwenye zile ngazi.

Madaktari hawanifichi tena kitu, nami nimekataa kuondoka na jambo hili. Mwezi uliopita nilimpelekea ofisa utumishi maelezo yangu yenye saini. Akaniambia kwa upole, "Mzee, mwenyewe anastaafu, ya nini tena kufukua?" Nikakaa kwenye benchi la nje hadi ofisi ikafungwa. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Tarehe 12 Juni barua iliondolewa, na faili sasa linasema aliyeharibu ni nani.

Nilimpelekea nakala nyumbani kwake. Aliisoma yote, akaikunja. "Ungeiandika nikiwa bado na ujana wa kuwa mkuu, Mzee," alisema. Kisha akanikaribisha chai. Sikumwomba anifariji.

Barua ile ilisomwa na watu wote, kwa hiyo nimetaka na haya yasomwe mbele ya wote, bila kupunguzwa neno. Bi Ngazi, ahsante kwa kila sauti uliyoipa nafasi yake. Kazi ile ilikuwa safi ilipotoka mikononi mwako. Upumzike kwa afya na furaha, miaka mingi kuliko uliyotufanyia kazi.