Nguruwe Wanaosubiriwa Wanenepe

Ndani ya treni ya kwenda Mlimba, Mzee Evod alikuwa akitazama nje, lakini masikio aliwaachia wawili waliokaa mbele yake, mama mwenye mundu mpya na mwindaji aliyekutana naye humo humo.

"Baba, njoo na mbwa wako leo," mama alisihi. "Mpunga wangu umeiva, na nguruwe pori wanaulaza kila usiku."

"Vuta subira, mama. Sasa hivi wamekonda. Waache wale mpunga mpaka mwisho wa mwezi, watakuwa na mafuta."

"Wanenepee shambani kwangu?"

"Ujira wetu ni nyama, mama. Na mguu mmoja ni wa mwenye shamba, ndiyo desturi."

"Mimi Mwislamu. Huo mguu nitaupeleka wapi?"

"Basi kwako tutakula yote minne!"

Mzee Evod nusura acheke, ila mama hakucheka.

"Wanangu wanakula huo mpunga, baba. Hawana kingine."

Treni ikasimama. Mama akateremka na mundu wake, na mwindaji akatoa kichwa dirishani. "Wakinenepa unipigie simu!"

Mzee Evod aliutazama ule mundu ukienda, akajiuliza utakuta nini cha kuvuna.