Chumba cha Mayai Hakifungwi

Risala ya wanafunzi saba wa baiolojia, Kidato cha Sita, kwa Mgeni Rasmi, siku ya kukabidhi chumba cha maabara, Mji Mkongwe. Msomaji: Radhiya Amour.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mliofika na mliozuiwa na kazi: shikamooni, na amani iwe juu yenu.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa moyo safi, ingawa tunajua ulichokuja kukifanya. Umekuja kupokea chumba chetu cha maabara kiwe stoo ya viti vya hafla. Kwa desturi, risala hupelekwa ofisi ya skuli kwanza ipitiwe. Hii imepitiwa mara tatu, na kila ikirudi imepungua aya. Leo tunaisoma nzima. Atakayekasirika atukasirikie sisi, kwa sababu mwalimu wetu, Bi Riyama, hakuiona.

CHUMBA NA MAYAI

Bi Riyama alitufundisha kutengeneza sanduku la joto kwa taa na kipimajoto. Trei ya kwanza ya mayai tuliinunua dukani, tukayatunza siku sita, hatukuona kitu. Mwenzetu Mjaka, ambaye kwao Chwaka wanafuga kuku, alicheka mpaka akakaa chini. Mayai ya dukani hayajui jogoo. Tangu siku hiyo mayai yetu yanatoka kwa mama yake.

Tulikata kidirisha kwenye ganda, tukakiziba kwa utepe, na kila siku mmoja wetu alichora mishipa ya damu aliyoiona ndani. Siku ya tano ilikuwa zamu ya mwenzetu Nunu. Mchoro wake ulikuwa na mishipa michache kuliko wa jana yake. Tulimwita mvivu. Tukachukua penseli tukamjazia mishipa "aliyoisahau", tukiinakili kutoka mchoro wa jana. Bi Riyama alituita mmoja mmoja tutazame kwenye lenzi. Mishipa ile haikuwepo. Sisi sita tulichora kisichokuwepo, na aliyechora ukweli ndiye tuliyemsahihisha. Tulimwomba radhi mbele ya darasa, na aibu ile bado tunayo.

Ndipo tukafundishwa. Mwili unapoumbwa hutandaza mishipa mingi kuliko inayohitajika. Ile inayopitiwa na damu nyingi hupanuka. Mingi isiyopata damu husinyaa ikatoweka: baadhi ya seli zake huhamia mshipa wa jirani, nyingine hufa. Hufa kwa utaratibu, hujikata vipande vidogo, na seli nyingine huvimeza pasibaki uchafu. Bila kifo hicho viungo vingine haviwezi kukamilika.

KHERI ILIYOPATIKANA

Hapa ofisi ilitutaka tutaje vikombe vya netiboli. Tutataja jicho moja, kwa ruhusa ya wenye mtoto.

Mtoto akiwa tumboni, ndani ya jicho lake kuna mshipa unaolisha lenzi. Hutakiwa kufa kabla hajazaliwa, ili mwanga upite. Nunu alilisikia somo hilo siku ya Jumatano. Jioni, kwao Kiembe Samaki, alimpakata Basil, mtoto wa dada yake mwenye miezi miwili, akaona weupe katikati ya mboni ya kulia.

"Ukungu tu huo," bibi yake, Bi Mize, alimwambia. "Akinyonya vizuri utaondoka."

"Hauondoki, bibi. Kuna mshipa ulitakiwa ufe, labda haujafa. Kesho sendi skuli, nnampeleka hospitali na dada."

"Mshipa ufe? Ndiyo wanayokufundisheni hayo?"

"Naam, bibi. Ndiyo hayo."

Daktari aliukuta mshipa upo. Alisema wangengoja mwaka, jicho lile lingebaki pambo. Basil alifanyiwa upasuaji. Sasa jicho lake la kushoto, lililo zima, hufunikwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lijifunze kazi, na wiki iliyopita kwa jicho lile aliufuata mkono wa mama yake. Bi Mize alilia. Na sisi tulilia.

TUNAYOYAKATAA

Barua ya ofisi yako inasema wanafunzi wa somo hili ni wachache, kwa hivyo chumba hakina tija. Mheshimiwa, mficha uchi hazai, nasi tutasema. Muhula uliopita chumba kilifungwa wiki tisa, ufunguo ukiwa ofisini. Wenzetu kumi na mmoja wakashauriwa wachague masomo mengine, wakaondoka. Mlitupunguza, kisha mkatuhesabu.

Sisi tunajua mshipa usiopata damu hufa. Hatujaona popote katika mayai yetu mtu akiibana damu kwa kidole, kisha akaulaumu mshipa. Tumekasirika, Mheshimiwa, na tunakwambia kwa adabu zote tulizolelewa nazo: chumba hatukitoi.

OMBI

Mahali hapa pa risala watu huomba kompyuta na feni. Sisi tunaomba upande ngazi thelathini na moja kabla ya chai. Juu, chumbani mwetu, kuna yai la siku ya tano, moyo wake unapiga. Nunu atakushikia lenzi. Tazama kwanza, kalamu baadaye. Ukishatazama na bado ukaona viti vina haki kuliko sisi, tia saini. Lakini watakaovibeba itabidi waturuke, kwa sababu tutakuwa tumekaa mlangoni sote saba, na wazazi wetu wanajua tulipo.

Mwenyezi Mungu ayatie nuru macho yako, akuhifadhie watoto wako, na auzuie mkono wako usifunge usichokiona.

Ni sisi,
Wanafunzi Saba wa Chumba cha Mayai.