Mwalimu Ahmednoor na Chaguo la Kwanza

Tarehe 31 Machi 1967, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Mwalimu Ahmednoor Rage atastaafu katika ofisi yetu ya elimu hapa Garissa. Wanaodhani ataondoka kimya kimya hawamjui. Mtu huyu hajawahi kufanya jambo lolote kimya kimya.

Alianza kazi mwaka 1939, akiwafundisha hesabu watoto wa wafugaji chini ya turubai. Wazazi wakihama kufuata maji, naye alihama nao, ubao ukiwa mgongoni mwa ngamia. Miaka hii ya mwisho amekuwa mshauri wa vijana wanaoomba nafasi vyuoni. Kwa ubishi hana mfano. Aliwahi kubishana na mkaguzi kutoka Nairobi hadi chai ikapoa mara mbili, na mkaguzi akaondoka amekubali, sijui ni kwa hoja au kwa uchovu.

Nimeombwa niandike sifa zake, na sifa yake kubwa ilianza na kosa.

Mwaka 1965 alikuja ofisini Mahat Nunow, amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri masomo ya sayansi. Alitaka kusomea udaktari wa watu, na alitaka vilevile udaktari wa mifugo. Baba yake, Mzee Nunow, alikuwa amehamia mjini kutoka Tarbaj baada ya ngamia wake kufa. Mwalimu akampa kijana ushauri ambao mfugaji yeyote wa hapa angempa: mwaka ukiwa mbaya, gawa mifugo, kundi moja huku na jingine kule, ili mvua ikikosekana upande mmoja upate upande wa pili. Basi Mahat akaomba vyote viwili, na mbele ya jopo la chuo akaeleza kwamba anavipenda sawasawa. Jopo likamrudisha nyumbani. Walitaka mtu aliyekwisha kuamua.

Sote tunajua mwaka ule ulivyokuwa, vita vya waasi na serikali vikiwa vimepamba moto huku kwetu. Kijana asiye na shule wala mifugo alibakiwa na mlango mmoja, nao ulikuwa wa kwenda porini kushika bunduki. Wengi walioupita hawajarudi. Mzee Nunow alikuja akasimama katikati ya ofisi, akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, sote tukisikia: "Mwalimu, hii kijana ikikosa chuo tena, kesho mimi natafuta yeye borini. Hata kaburi sitabata." Kwa mara ya kwanza Mwalimu hakubisha. Alisema kosa ni lake, na yeye ndiye atakayelirekebisha.

Akabadili mbinu. Hakumuuliza tena Mahat anapenda nini, maana mapenzi ya kijana hubadilika kabla ya magharibi. Alimwombea kazi ya kujitolea: wiki moja akisaidia kufunga vidonda hospitalini, wiki inayofuata na wachanjaji wa mifugo, kwenye vijiji vipya vya ulinzi, ambako serikali iliwakusanya wafugaji kwa sababu ya vita, na ng'ombe waliobanwa pamoja walikuwa wakiugua. Kisha akakaa anatazama tu. Haikuchukua muda, hata katika wiki za hospitali Mahat akawa anaonekana zizini kila alasiri, hakutumwa na mtu. "Umeshachagua wewe," Mwalimu alimwambia. "Kwenye fomu, chaguo la kwanza mifugo. La pili liwe jirani yake, kilimo, ili waone unakwenda njia moja."

Usaili ulipokaribia, bomu la ardhini lililipua lori barabarani na misafara ya magari yanayolindwa na askari, njia pekee ya kusafiri, ikasitishwa. Mwalimu alimwendea ofisa wa misafara asubuhi, adhuhuri na alasiri, mpaka ofisa akaanza kujificha. Msafara wa kwanza ulioruhusiwa uliwabeba wote wawili, Mwalimu akiwa na homa, amekaa juu ya magunia njia nzima. Walifika wamechelewa, jopo linafunga mafaili. Akasimama mlangoni akabishana nao kwa ubishi uleule tuliokuwa tukiulalamikia hapa ofisini, ambao tangu siku hiyo mimi nauombea dua. Wakaketi tena. Mahat aliulizwa swali la mwaka uliotangulia, anataka nini hasa, na safari hii alijibu kwa neno moja. Julai akaanza masomo.

Mwalimu, ofisi hii inakushukuru. Umetuchosha, umetufunza, na hatujui tutabishana na nani Jumatatu. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha, ngamia wenye maziwa na wajukuu wavumilivu. Ishi vyema, uishi sana.

Mahat alitaka kuja kwenye sherehe, lakini Mwalimu amemkataza kwa sababu ana mtihani. Mzee Nunow atakuja peke yake, na ameomba kiti cha mbele. Mkimwona, muulizeni mwanawe yuko wapi. Anajua.