Damas Numbi na Chupa Kumi na Moja ya Samaki ya Lufira

Bandugu, minye njo tantine Blandine, dada ya baba ya Damas, famille banasema nisome hii maneno ya kilio juu ya sauti yangu inafika mpaka ku barabara, masomo niliacha ku troisième primaire, nikikosea muniachie.

Damas Numbi alizalikwa ku Kambove tarehe 14 mars 1979, akasoma primaire kule kule, akapata diplome hapa Likasi mu 1999, mu 2003 akaanza kufundisha biologie, tarehe 8 juillet 2006 akamuoa Marceline, bakazala Hadassa na Elie, na ku ile ndoa nilicheza mpaka kiatu ikakatika, benye balikuwa pale banajua.

Tangu 2011, kila samedi alikuwa anaenda ku muto Lufira, chini ya barrage ya Koni, kwa Michel mulobaji wa samaki, anachagula samaki ya kidogo sawa kidole, ile sisi tunakaangaka na kichwa yake, nikamucheka sana, mutu ya diplome anahesabu magamba na sindano, yeye ananionyesha kwamba huyu iko na madoa tatu, huyu ine, huyu ndevu yake ni fupi, haiko ndugu moya, minye naona paka samaki tu. Kila aina akaiweka mu chupa yake na alcool juu isioze, karatasi ya alama inje, chupa kumi na moya, na profesere Évariste wa Lubumbashi alikuwa anaingoja, juu aina moya, ile ya madoa ine, ilikuwa haiyapata jina.

Mu octobre 2024 ugonjwa ya figo ikamushika, akalala ku hospitali. Tarehe 2 novembre pasteur alipaswa kuya kuomba mu nyumba, minye nikasikia harufu ya alcool, nikapata haya, nikaimwanga, samaki yote nikaiunganisha mu beseni moya, chupa nikasafisha, karatasi zake nikabandua, nikatia karanga ya bageni.

Damas alirudia ku nyumba, hakunigombeza, Marceline akarudisha alcool mu beseni, yeye akakaa na loupe, kioo ya kukuza, siku kumi na mbili, akajaza chupa mbili tu. Nikaomba anifundishe, nikaangalia moya mpaka macho ikatoka maji, nikaitia mu chupa, akaitosha inje polepole.

"Acha, tantine. Ile hata minye siijue tena."

Akarudi hospitali tarehe 20 janvier, akakufa tarehe 9 février 2025, saa ine ya asubui.

Tunashukuru baganga na ba infirmière, bajirani ba avenue yetu, balimu benzake, na Michel, mwenye alijaribu kuloba samaki ingine mara tatu, anasema tangu maji ya muto ilibadilika, ile ya madoa ine haionekane tena. Profesere alikuya yuzi, akainama ku beseni, akasimama, akaenda. Ile beseni iko kwangu, sijue niipeleke wapi.

Damas, mutoto yetu, upumzike na amani.