Mama Bado na Bitana ya Mshipa

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Bado, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani, na huko ndiko alikojifunza kugeuza mkono wa koti nje ndani kabla ya kumkabidhi mteja, maana baba hakuruhusu bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, itoke mlangoni kwake ikiwa imekunjamana.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha upigaji picha za eksirei, akahitimu tarehe 26 Novemba 1982 na kuajiriwa hospitali kuu. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi wa lifti za hospitali hiyohiyo, ambaye mpaka leo anakana kuwa aliiharibu makusudi lifti waliyokwama pamoja siku walipofahamiana, wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 2009 alihamia chumba cha mishipa ya moyo, ambako mgonjwa wa shambulio la moyo huzibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia usizibe tena. Eksirei, aliwaambia madaktari vijana, inakuonyesha koti kwa nje, ukitaka kujua bitana imelalaje pitisha ile kamera ndogo ndani ya mshipa, na kila daktari aliposema wamemaliza, yeye, macho kwenye skrini, alijibu, "Bado."

Tarehe 9 Juni 2017, akianika nguo, kifua kilimbana, akafikishwa chumba kilekile, safari hii akiwa amelala mezani, mikononi mwa daktari kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha. Stenti ilipokaa, daktari akatangaza kuwa picha ni safi.

"Bado, mwanangu. Pitisha kamera."

"Mama, leo wewe ni mgonjwa, hupo kazini."

"Na mshipa ni wangu."

Kamera ikapita, ikaonekana ncha moja ya stenti haijagusa ukuta wa mshipa, daktari akaitanua upya, na mama hakufumba macho mpaka alipoona imelala sawasawa. Kitinda mimba wake alikuwa kidato cha pili, na mwaka jana, tarehe 17 Novemba 2023, mama alimpigia makofi akihitimu ufundi wa lifti.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Moyo haukumsumbua tena hata siku moja. Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2024 mumewe alimrekebishia mto, akauliza kama umekaa vizuri, akisubiri jibu alilolizoea kwa miaka thelathini na saba, naye akasema, "Tayari," na saa nne akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa chumba cha moyo, ambao tumesikia kuwa bado wanasema bado.

Mama, kazi yako tumeigeuza nje ndani, hatukuona mkunjo. Pumzika kwa amani.