Jumanne za Bi. Evodia

Miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Evodia Kasitu anarudisha ufunguo wa chumba cha utrasaundi cha hospitali yetu hapa Sumbawanga.

Hakuanzia kwenye mashine. Aprili 1991 alikuwa akipiga deki kwenye zahanati moja kule Mwimbi. Akajisomesha uuguzi, kisha upigaji picha za kitabibu, bila kungoja wa kumshika mkono. Mashine ilipofika hospitalini kwetu Julai 2013, wengi tulijua ni ya wajawazito. Yeye akaomba siku moja kwa wiki kwa ajili ya wagonjwa wa kliniki ya VVU, hasa wale wanaokonda na kupandwa na homa huku makohozi yao hayaonyeshi kitu. Akapewa Jumanne.

Hesabu nimezitoa kwenye daftari lake, maana wapo waliosema kazi yake ni kukaa kitini. Jumanne zote 626. Umeme ulikula 31, mashine mbovu 12, kuugua kwake sifuri. Zinabaki 583, na wagonjwa 2,915: watano kila Jumanne. Kati yao 411 aliwakuta na mitoki, yaani tezi, iliyovimba tumboni, maji, au madoa kwenye wengu, wakaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Waliomaliza dozi ni 352, waliohama 22. Wale 37 waliofariki huwaombea kila tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu, mmoja mmoja kwa jina.

Mwaka 2016 alikuja mzee mnunuzi wa mahindi kutoka Laela. Jina lake libaki kwenye faili. Alipoona kibao cha utrasaundi mlangoni aliuliza hapa nani ana mimba. Alipoambiwa ana kifua kikuu cha tumbo, akagoma kabisa: kifua chake kizima, hakohoi, na kama kifua kimeshukia tumboni, basi tumbo nalo limekwenda wapi? Bi. Evodia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamgeuzia kioo cha mashine, akamwonyesha vidoa vyeusi kwenye wengu, vidogo kama punje za ulezi. Hapo mzee wa nafaka akaelewa. Aliingia na kilo 43. Baada ya miezi sita mzani ulisoma 58, akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba tumbo limerudi mahali pake. Tangu siku hiyo ugonjwa huo tunauita "kilichoshuka".

Kitu kingine ni jeli ya kumpaka mgonjwa kabla ya kipimo. Baridi ya Juni ya huku kwetu mnaijua. Bi. Evodia alikuwa akifika saa moja asubuhi, akaibana chupa ya jeli kwapani ndani ya sweta, akazunguka nayo akisalimia wodi nzima hadi ipate joto. Alisema mtu aliyekwisha kukonda hapakwi barafu tumboni.

Sasa niseme na lisilopendeza. Barua za kuomba wa kushika nafasi yake tumeandika tatu: Januari, Machi na Mei. Majibu, sifuri. Muuguzi Otilia, ambaye Bi. Evodia anamfundisha, amefikisha vipimo 46 kati ya 60 vya kufanya chini ya usimamizi. Maji anayaona, mitoki midogo bado inampita. Mpimaji mwingine wa karibu yuko Mbeya, zaidi ya kilomita mia tatu, na mgonjwa wa kilo 43 hasafirishwi kama gunia.

Jumanne iliyopita, kwa mazoea, Bi. Evodia aliandika majina matano ya Jumanne inayofuata. Otilia ndiye aliyemkumbusha kwamba hiyo ni Julai mosi, atakuwa ameshastaafu. Bi. Evodia akalifunga daftari. Hakufuta hata jina moja.

Mama Evodia, asante kwa Jumanne 583. Nenda kijijini Kate kwa wajukuu na shamba lako la ulezi, ukae kwa afya na amani, nasi tutaandika barua ya nne. Sweta umeondoka nalo, ni haki yako. Chupa ya jeli tumeiweka dirishani. Inapoa.