Pomadi Niliyompangusia Mjukuu Wangu

Mama zangu, Mungu atupe masikio mazuri leo, maana haya ninayosema nimeyabeba karibu miaka miwili na bado hayajakaa sawasawa kichwani. Kwa kuwa mababa hawapo humu kwenye kikao chetu, nitasema yote.

Wengi mnanijua. Niliondoka Kolwezi na mfuko mmoja wa nguo, nikakaa Johannesburg miaka kumi na tisa, mchana nafagia ofisi za watu, jioni nasoma, hadi nikarudi na diploma ya uongozi wa biashara. Imetundikwa sebuleni, nyuma ya kioo. Anayeingia kwangu anaiona kabla ya kuona kiti. Nyumba yenyewe niliijenga mimi, mjane, bila mwanaume wa kunishikia ngazi. Sijivuni. Nawaeleza ili mjue kwamba aliyeanguka hakuwa mjinga.

Nilirudi nikiwa na miaka hamsini na saba, na uso uliokuwa bado unasifiwa. Kiangazi kimoja tu cha vumbi la malori ya mgodi, ngozi ikakunjamana kama karatasi iliyosahauliwa mfukoni. Nikampigia simu rafiki niliyefanya naye kazi kule. Akanitumia kopo la pomadi kwa dereva anayepita mpaka wa Kasumbalesa. Kopo jeupe, halina picha, lina karatasi ndogo ya Kiingereza yenye neno moja refu. Nilidhani ni jina la ua.

"Inarudisha ngozi ya ujana," aliniambia. "Paka kidogo, kama punje ya haragi, mara mbili kwa wiki."

Ndugu zangu, nilicheka. Nani kati yetu anapaka pomadi kama punje ya haragi? Sisi tunatoka kuoga, tunachota kwa vidole vitatu, tunapaka uso, shingo, kifua, mikono hadi kwenye viwiko. Tena asubuhi na jioni. Na kinachobaki viganjani tunakipeleka wapi? Naona mnatabasamu, mnajua. Hakipotezwi kwenye kitambaa. Anaitwa mtoto aliye karibu, anapanguswa mashavu na miguu. Mama yangu alinifanyia hivyo, na wa kwenu aliwafanyia.

Mtoto aliyekuwa karibu nami ni mjukuu wangu, msichana wa miaka minne. Mwanangu anaendesha mashine mgodini, na walikuwa wakikaa kwangu yeye na mkewe. Mkewe ni binti wa wakulima wa Lubudi, aliyeishia darasa la sita, na nilikuwa nikimkumbusha jambo hilo mara nyingi kuliko ilivyofaa. Mtoto hata hakungoja kuitwa. Akisikia nafungua kopo, anakimbia, anafumba macho, analeta mashavu.

"Kambo, na mi!"

Kambo ni mimi, bibi yake; nitakataaje?

Miezi miwili ikapita, uso ukajaa. Sokoni muuza ndizi aliniuliza, "Mama, unakula nini? Unarudia kuwa demwazeli, msichana kabisa!" Nikamjibu, "Ni akili, mama. Akili na diploma."

Mwezi wa tatu, damu ya mwezi ikarudi. Ilikuwa imekata miaka sita. Nilisimama bafuni nikitazama, sikuelewa ninatazama nini. Matiti yaliuma kama ya msichana. Nikamkumbuka Sara mke wa Ibrahimu, kisha nikajiuliza, mume wangu yuko kaburini, mimi nitazaa na nani? Nikacheka peke yangu, halafu nikalia, na mpaka leo siwezi kuwaambia kipi kilikuwa cha furaha na kipi cha woga.

Wiki ileile, mke wa mwanangu alikuwa akimwogesha mtoto. Akaniita.

"Mama, kuya uone."

"Nini?"

"Kifua. Shika apa."

Nikashika. Chini ya kila chuchu kulikuwa na donge gumu, kama punje ya hindi, na chuchu zenyewe zimeanza kuwa nyeusi.

"Anakula vizuri tu," nikasema. "Ni mafuta ya mwili."

"Hapana, mama. Ana maziba. Mutoto wa miaka ine ana maziba, matiti ya mwanamuke."

Mnajua maneno hayakai ndani ya nyumba. Siku chache baadaye jirani mmoja, ambaye simtaji na msimtafute, alisema juu ya ukuta kwa sauti ya kusikika: "Kambo anarudi mutoto, mutoto anakuwa muzee. Ule ujana anautoa wapi? Mu hewa?" Mimi nilisikia. Mke wa mwanangu alisikia.

Aliingia ndani, akasimama mbele yangu. "Mama, uniambie tu. Unamufanya nini mutoto wangu?"

Mimi nilijua sijamfanya kitu. Lakini badala ya kusema hivyo, nikafoka. "Weye wa darasa la sita ndiye wa kuniuliza mi?"

Kesho yake asubuhi aliondoka na mtoto kwenda kwa wazazi wake Lubudi. Mwanangu alimbebea mfuko. Hakunitazama. Mtoto alinipungia mkono, akauliza, "Kambo haendi?"

Mama zangu, siku zilizofuata sitaki hata adui yangu azione. Nilikuwa najitazama kwenye kioo na kuona ni kweli, ninarudi nyuma. Mtoto naye anakwenda mbele. Nilianza kujiuliza kama mtu anaweza kuwa mulozi, mchawi, bila kujua. Kama kitu kinatoka ndani yako ukiwa umelala na kwenda kumla mtoto unayempenda, utakijuaje? Niliomba, nikafunga, nikajichunguza dhambi zangu za tangu utoto. Na la aibu kuliko yote: asubuhi zilezile, baada ya kuomba, bado nilijipaka ile pomadi. Sikuona uhusiano wowote.

Damu ilipozidi ndipo nikaenda hospitali. Munganga alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu. Akaniuliza ninatumia nini, ninakula nini, ninapaka nini.

"Mi si mtu wa kupaka ovyo," nikamwambia. "Nina diploma."

"Diploma ni muzuri, mama. Lete kopo."

Nikarudi nyumbani nikalileta. Akasoma ile karatasi. Kisha akasema lile neno refu ni jina la homoni ya mwanamke, ile mwili unayoipunguza ukizeeka. Ngozi yangu ilikuwa inaipenda, ndiyo, lakini kwa jinsi nilivyojipaka haikubaki kwenye ngozi. Ilikuwa inazama mpaka kwenye damu, na tumbo la uzazi limeamka. Nikawa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Halafu akaniuliza polepole:

"Mama, mu nyumba muko mutoto mudogo?"

Nilikuwa sijamtaja mtoto. Nikaitazama mikono yangu, hii hapa, ndugu zangu, nikaona mashavu ya yule mtoto ndani yake.

Niliacha siku hiyo. Walinipiga picha ya tumbo, wakachukua kipande kidogo cha tumbo la uzazi cha kupima, na Mungu ni mwema, hakikuwa na ubaya. Nikapiga simu Lubudi.

"Donge zinapungua, mama," mke wa mwanangu akasema. "Tangu tutoke kwako."

Mnaona nilivyokamatwa? Habari ni njema, na yenyewe inanihukumu. Munganga anasema zinapungua kwa sababu pomadi iko mbali. Watu wanasema ni kwa sababu mulozi yuko mbali. Na mimi mwenyewe nilikuwa na swali langu nililoficha: kopo moja linawezaje kunifanya mimi msichana na kumfanya mtoto mwanamke? Munganga alinichorea picha kwenye karatasi. Sikuelewa, nikaona haya kusema.

Basi nikalifunga kopo ndani ya mfuko wa plastiki, nikaenda Lubudi. Nilikaa chini kwenye mkeka, mimi, mbele ya mke wa mwanangu na wazazi wake, nikaliweka katikati na kueleza kila kitu, mpaka habari ya viganja. Nikamwambia mama wa mtoto, "Sikumuibia mutoto wako ujana. Lakini ni mi niliyemupatia huu ugonjwa."

Kisha akasema, "Minakumbuka. Kila siku ulikuwa unamupangusa. Na mi nilikuwa nasema mu roho, kambo anamupenda."

"Lakini sielewi," nikakiri. "Ni dawa ya ujana."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mama, ujana uko nyuma yako. Kwa mutoto uko mbele. Dawa ikiita ujana, weye unarudi, yeye anakimbia kwenda. Hapana?"

Darasa la sita, mama zangu. Nilimwomba msamaha palepale, na si kwa pomadi tu.

Hakunikabidhi mtoto siku hiyo. Alikuja naye kwanza kwa munganga, mtoto akapigwa picha ya mkono kuona kama mifupa imeharakishwa, na mama yake mwenyewe akauliza maswali mengi kuliko mimi. Ilichukua miezi kadhaa kifua kurudi kuwa cha mtoto. Ndipo wakarudi nyumbani.

Namshukuru munganga yule aliyeuliza swali moja zaidi. Nawashukuru nyinyi mliokuja kukaa nami wakati wengine walivuka barabara wasinisalimie. Na ninamshukuru mtu mmoja wa darasa la sita aliye humu ndani, aliyeninyima ruhusa ya kumwonyesha kwa kidole.

Ninachowaachia ni hiki. Usimpake mtoto kitu ulichokitafuta kwa ajili ya uzee wako. Usiposoma ukaelewa, uliza, hata kama una karatasi ukutani. Na mtoto wa jirani akipata jambo msilolielewa, mpelekeni apimwe kabla hamjamtafutia mulozi.

Mimi mikunjo imerudi, mnaiona. Siku hizi naoga, napaka mafuta ya mawese, nakwenda mlangoni kwao na viganja wazi, na mama wa mtoto anavinusa kwanza. "Sawa, mama," ananiambia. "Mubebe."